Unaenda kruzi? Kata bima ndani ya wiki mbili za dipoziti, usisubiri

Kwa sisi tulioko huku Texas kruzi siku hizi imekua kama kwenda Bagamoyo Jumapili, mtu anaendesha mpaka bandari ya Galveston, anapaki gari, anapanda meli, siku saba anazungushwa Cozumel, Roatán na Costa Maya anarudi na kofia ya majani. Bei sio mbaya na chakula hakiishi. Ila nimeona kitu kimoja, watu wanakaa wiki tatu wanabishana kuhusu chumba chenye balkoni afu bima wanaichagua kwa sekunde mbili, pale mwisho wa kulipia kuna kiboksi kinakuuliza unataka ulinzi wa safari ndio au hapana, unabonyeza ndio maisha yanaendelea.

Na mimi nilibonyeza. Tulikua wanne, mimi, waifu na watoto wawili, kama dola elfu nne na ushee hivi. Siku tisa kabla ya kupanda mama mkwe akafariki, Muheza kule Tanga. Hapo hakuna kujiuliza, ni kutafuta tiketi za msibani. Nikapiga simu bima nikiwa na uhakika kabisa maana kifo cha mzazi ndio sababu ya kwanza kabisa kwenye orodha yao, nimeisoma kwa macho yangu. Wakaomba karatasi za hospitali za marehemu. Sasa mama alikua na sukari miaka mingi tu, analima, anacheka, anapanda daladala mwenyewe, ila mwezi mmoja kabla sijakata ile bima daktari alimtoa kwenye vidonge akamuanzishia sindano za insulini. Ikawa ndo basi. Wakasema ugonjwa ulikuwepo kabla, kwa iyo kifo hakihesabiki, hela taslimu hamna, tunakupa krediti ya asilimia 75 uitumie kwenye kruzi nyingine. Yani mtu katoka kuzika juzi unamwambia achague meli.

Nilikasirika sana ila nilivyokaa nikausoma ule mkataba wote, kurasa arobaini na kitu, nikakuta hawakuniibia, ilikua imeandikwa. Ndo maana naandika hapa, maana sisi ambao wazazi wetu wako mbali tunaghairi safari kwa sababu ya simu ya kutoka nyumbani kuliko sababu nyingine yoyote, na hicho ndo kipengele ambacho hatukisomi.

Iko hivi. Kampuni ya bima ikipata klemu (maombi yako ya kulipwa) ya ugonjwa au kifo inarudi nyuma kuanzia siku uliyokata bima, nyingine siku 60, nyingine 90, nyingine hadi 180, inaangalia kama katika hizo siku mgonjwa alipata dalili mpya, alipimwa, alibadilishiwa dawa au dozi. Kama kilibadilika kitu, huo ugonjwa unaitwa uliokuwepo kabla na hawalipi. Kama presha yake ni ile ile na kidonge ni kile kile muda wote huo mara nyingi hana shida. Na kwenye mikataba mingi hii haimhusu msafiri peke yake, inamhusu pia ndugu ambaye hasafiri, yani mama yako aliyelala zake Muheza au Machakos ambaye hata hajui kruzi ni nini.

Dawa yake ipo na mara nyingi haikuongezei hata senti. Kampuni nyingi zinafuta hicho kipengele cha ugonjwa wa zamani ukitimiza masharti matatu: ukate bima ndani ya siku 14 mpaka 21 tangu ulipe dipoziti ya kwanza (idadi inategemea kampuni, angalia ya kwako), uwekee bima gharama yote ya safari ambayo hairudishwi, na siku unayokata wewe msafiri uwe mzima wa kuweza kusafiri. Angalia pia kama huo msamaha wa ugonjwa wa zamani unamgusa na ndugu asiyesafiri. Zile siku zinahesabiwa kuanzia dipoziti hata kama ilikua dola hamsini tu, kwa iyo yule anayesema nitakata bima nikimaliza kulipa, na malipo ya mwisho huwa ni miezi miwili mitatu kabla ya safari, huyo keshachelewa. Na ukija kuongeza tiketi za ndege au matembezi ya bandarini baadae, ingia uongeze na kiasi kwenye bima, usiache.

Vile viboksi vya kampuni ya meli vingi havina huo msamaha, na ndo hapo nilipoangukia. Sisemi ni vibaya vyote, kwa vijana wazima wasio na mgonjwa nyumbani vinaweza kutosha na ni rahisi, ila hela ya matibabu inakua ndogo, ya kuhamishwa ukizidiwa, kupelekwa hospitali au kurudishwa nyumbani, nayo ndogo, na ile sifa yao ya kughairi kwa sababu yoyote mara nyingi wanalipa kwa krediti. Na mara nyingi hawajui habari za tiketi ya ndege uliyoinunua mwenyewe pembeni.

Mimi siku hizi naingia kwenye tovuti za kulinganisha kama Squaremouth au InsureMyTrip. Unajaza jimbo unaloishi, umri wa kila mtu, tarehe ya dipoziti, tarehe za safari, gharama, inakuletea kampuni kibao pamoja. Jaza ukweli kwenye tarehe ya dipoziti maana siku ya klemu wataomba risiti. Kwenye gharama weka ile tu isiyorudishwa, hoteli unayoweza kughairi bure usiiweke, unajiongezea bei bure. Bima kamili kwa kawaida inacheza kama asilimia 4 mpaka 10 ya gharama ya safari, wazee wanalipa zaidi. Kwa familia yangu ya safari ya dola elfu nne ni mia mbili na kitu, hela ya kula mgahawani mara tatu.

Sasa ukishaletewa orodha usikimbilie ya bei ya chini. Macho yako yaende kwanza kwenye mambo mawili, matibabu na kuhamishwa kwa dharura. Watu wanafikiri bima yao ya kazini itafanya kazi melini, nyingi haifanyi, au unalipa kwanza mfukoni afu unahangaika nayo ukirudi. Zile meli nyingi zimesajiliwa Bahamas, Panama, Malta huko, zahanati ya meli haipokei kadi yako ya bima, kila kitu kinaandikwa kwenye akaunti yako ya chumba pamoja na soda na picha. Kumuona daktari tu ni dola mia na kitu, ukiwekewa dripu na vipimo na kulazwa usiku mmoja unaongelea maelfu. Wazee wenye Medicare, ile bima ya afya ya serikali ya Marekani, ndo wawe makini kabisa, Medicare inalipa melini pale tu meli ikiwa bandari ya Marekani au haizidi masaa 6 kutoka hapo, ukishakaa katikati ya Ghuba ya Meksiko uko peke yako. Kuna zile bima za nyongeza, Medigap, baadhi zinalipa asilimia 80 ya dharura za nje ukishalipa dola 250 za kwanza, ila kikomo ni dola 50,000 kwa maisha yako yote.

Na kuhamishwa ndo baba lao. Helikopta ya walinzi wa pwani wa Marekani ikija kukuchukua hawakutozi, ila hiyo inakuja ukiwa karibu na hali ni mbaya kweli. Kinachotokea mara nyingi ni meli inakushusha bandari inayofuata, unalazwa hospitali binafsi ambayo inataka kadi ya benki kwanza kabla ya sindano, afu ndege ya wagonjwa ya kukurudisha nyumbani inaweza kula makumi elfu ya dola, ukiwa mbali zaidi inapita laki. Mimi sikubali chini ya dola 100,000 za matibabu na 250,000 za kuhamishwa, na tofauti ya bei kati ya hiyo na ile ndogo mara nyingi ni dola ishirini thelathini. Halafu hili likae kichwani, ndege ya wagonjwa inapangwa na wao bima, unapiga ile namba yao ya dharura kwanza. Ukijikodishia mwenyewe kwa uchungu wa mgonjwa wanaweza wasikulipe hata senti tano.

Kipengele cha kurudisha mwili, jamani tukisome, najua hatupendi kuyaongelea. Mikataba mingi inaandika mwili utarudishwa unapoishi, yani Houston, sio Tanga. Baadhi inakubali mahali pa kuzikwa palipochaguliwa na familia. Sote tunajua michango ya kusafirisha mwili inavyokusanywa huku, wiki mbili watu wanatumiana namba za Zelle, ile ya kutumiana hela kwa simu.

Kitu kingine cha kwetu ni neno ndugu. Fungua ukurasa wa maana ya maneno uone wanamuita nani mwanafamilia. Wazazi, wakwe, watoto, babu na bibi, kaka na dada wapo karibu kila mahali, shangazi na mjomba wapo kwenye baadhi. Mtoto wa baba mkubwa ambaye kwako ni kaka kabisa mmekula sahani moja, kwao ni binamu na binamu mara nyingi hayumo. Mama mdogo aliyekulea inategemea wameandika nini kuhusu walezi. Kama una watu wa namna hiyo na ni wagonjwa, hapo ndo unaifikiria ile nyongeza ya kughairi kwa sababu yoyote, wenyewe wanaiita CFAR. Inaongeza bei kama asilimia 40 au 50, inarudisha asilimia 50 mpaka 75, nayo inakatwa ndani ya zile zile wiki mbili tatu za dipoziti, na lazima ughairi masaa 48 au zaidi kabla ya kuondoka. Ni ghali ila haikuulizi nani kafa na alikua nani yako.

Vimbunga: msimu ni tarehe 1 Juni mpaka 30 Novemba, na kimbunga kikishapewa jina bima utakayokata baada ya hapo haikihusu hicho kimbunga, kwa iyo usikae unaangalia taarifa ya habari ndo ukurupuke. Na kapteni akiruka bandari kwa sababu ya upepo usitegemee makubwa, mkataba wa meli unamruhusu, unarudishiwa kodi ya bandari tu, bima nyingine zinatoa kahela kadogo. Galveston kuna na ukungu, hasa majira ya baridi, bandari inafungwa meli inachelewa masaa mengi kuingia na kutoka, kwa iyo angalia bima yako inaanza kulipa ucheleweshaji baada ya masaa mangapi, kuna 6 kuna 12. Anayekuja kwa ndege kutoka Minneapolis au Columbus aje jana yake alale, hiyo hakuna bima inayoizidi.

Haya nayo watu hawaambiwi mapema: ukikataliwa kupanda kwa sababu ya makaratasi bima hailipi. Pasipoti ya Tanzania au Kenya na grini kadi, angalia visiwa vyote vya kwenye ratiba kama vinakutaka viza. Na kama umemleta mama kutembea na viza ya wageni, bima nyingi za kwenye zile tovuti zinauzwa kwa wakazi wa Marekani tu, yeye anahitaji bima ya wageni, nayo hakikisha imeandika inafanya kazi nje ya Marekani na melini, na viza yake iwe ya kuingia zaidi ya mara moja kabla hujamtoa kwenda Cozumel. Kwa wa nyumbani wanaopanda meli kule Ulaya, ile bima ya viza ya Schengen ya euro 30,000 ni ya kupatia viza, kwa bahari ni nyepesi, na ratiba ikigusa Uturuki afu ikarudi Ugiriki nayo ni viza ya kuingia zaidi ya mara moja.

Pombe nayo. Umenunua ile pakeji ya vinywaji visivyo na kikomo, ukateleza ngazi, wakakuta kwenye ripoti ya daktari ulikua umelewa, klemu imekufa hapo hapo. Pikipiki za kukodi za Cozumel ni hivyo hivyo, angalia kama mkataba umezitoa kwenye bima.

Ukishakata una siku kama 10 mpaka 15 za kuusoma mkataba na kuurudisha ukarudishiwa hela yote, kwa sharti hujaondoka na hujadai kitu. Zitumie kweli. Mimi napiga simu nauliza swali moja, mama yangu ana presha yuko Tanzania, akifa nikaghairi mnalipa? Afu naomba wanijibu kwa imeili. Wakijiumauma naurudisha nachukua mwingine.

Na msiba au ugonjwa ukitokea, ghairi kwa kampuni ya meli siku hiyo hiyo maana faini inapanda kadri tarehe inavyokaribia na bima haitakulipa ile nyongeza ya uzembe wako. Cheti cha kifo cha RITA, wale wa serikali ya Tanzania wanaosajili vizazi na vifo, kiombeni mapema hata kama mko kwenye matanga, mpe mtu mmoja kazi hiyo, na karatasi za hospitali zikiwa za Kiswahili zitafsiriwe. Kama uliugua melini, bili ya zahanati iombe yenye mchanganuo, kila dawa na bei yake, kabla hujashuka, maana ukishafika kwenye gari hapo Galveston kuipata kwa imeili inaweza kuchukua miezi na bima wana tarehe yao ya mwisho.