Namna ya Kutafuta Kikundi cha Kuacha Pombe na Kuhudhuria Mikutano Yake

Kabla ya kutafuta mkutano, utazame kwanza mwili wako. Ikiwa umekuwa ukinywa sana kila siku kwa muda mrefu, usiache ghafla ukiwa peke yako ndani ya nyumba. Mikono kutetemeka, kutoka jasho na kukosa usingizi ni arosto ambayo wanywaji wengi wanaifahamu. Lakini kwa baadhi ya watu, katika siku mbili tatu za mwanzo, hufuata degedege, kuona vitu visivyokuwepo na kuchanganyikiwa akili, na hali hiyo inaweza kuua. Hilo ni la daktari, wala hakuna kikundi kinachoweza kulitibu. Mweleze daktari ukweli kuhusu kiasi unachokunywa, kwa sababu dawa atakayokupa itategemea jibu hilo.

Vikundi vinavyojulikana zaidi ni vya Alcoholics Anonymous, au AA, vilivyoanza mwaka 1935 katika mji wa Akron, Marekani. Bill Wilson, mtu wa biashara ya hisa aliyekuwa ameacha pombe kwa miezi michache tu, alikwama huko baada ya biashara yake kuharibika, akahisi kiu inamrudia. Akaanza kupiga simu akitafuta mlevi mwingine wa kuzungumza naye, na ndipo alipokutanishwa na daktari wa upasuaji, Bob Smith. Nakisimulia kisa hiki kwa sababu wageni wengi huogopa kuwa mzigo kwa wenzao, ilhali tangu siku ya kwanza aliyehitaji msaada alikuwa pia yule aliyekwenda kuutoa. Ukiingia ukumbini na kusikilizwa, yule anayekusikiliza naye analinda siku yake ya kutokunywa.

AA hufuata hatua 12 za kuacha pombe, ambazo zinamtaja Mungu kwa namna ambayo kila mmoja mwenyewe anamfahamu. Wapo wanaofarijika kwa lugha hiyo na wapo inayowakwaza. Anayependelea mbinu za kisaikolojia anaweza kujaribu SMART Recovery, iliyoanzishwa mwaka 1994. Wanawake wanaotaka kukaa na wanawake wenzao wana Women for Sobriety, ya mwaka 1975. Na ndugu au wenzi wa wanywaji wana Al-Anon, ya mwaka 1951, ambako hawalazimiki kumsubiri mgonjwa wao akubali kwanza kwenda popote.

Orodha za mikutano hupatikana katika tovuti za vikundi hivyo, na AA ina programu ya simu iitwayo Meeting Guide. Hospitali na washauri nasaha nao huwa na habari zake. Orodha hizo hupitwa na wakati, kwa hiyo uthibitishe kwa simu au ujumbe kabla ya kutoka. Mahali pasipo na kikundi cha karibu, mikutano ya mtandaoni inatosha kabisa kuanzia. Angalia pia kama mkutano ni wa wazi, ambao mtu yeyote anaweza kuhudhuria, hata ndugu anayekusindikiza, au ni uliofungwa, yaani wa wale tu wanaotaka kuacha pombe.

Katika AA hakuna ada wala fomu ya kujaza. Kapu la mchango hupitishwa, na mgeni halazimiki kutia chochote. Sharti pekee la uanachama ni nia ya kuacha kunywa. Utatumia jina la kwanza peke yake, na zamu yako ya kuzungumza ikifika unaweza kusema kwamba leo ungependa kusikiliza tu. Mwenzako anapozungumza usimkatize wala usimpe ushauri, na aliyoyasema yabaki humo humo.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni muda. Fika robo saa kabla, na usikimbie mkutano unapofungwa. Mkutano wenyewe ni wa saa moja hivi, lakini wakati wa kupanga viti na kunywa chai ndipo mtu anapokuuliza unaendeleaje na kukupa namba yake ya simu, na namba hiyo ndiyo utakayoihitaji usiku kiu itakapokubana. Anayeingia kwa kuchelewa na kutoka wa kwanza hurudi nyumbani na maneno mazuri, lakini hana mtu wa kumpigia.

Usikihukumu kikundi kwa siku moja. Jaribu mikutano mitano au sita, ya vikundi tofauti, ndipo uamue. Wazoefu wa AA huwashauri wageni wengi wahudhurie mikutano 90 katika siku 90. Baadaye umwombe mtu aliyekaa muda mrefu bila pombe akuongoze katika zile hatua 12, ambaye kwa kawaida hushauriwa asiwe mtu unayeweza kuvutiwa naye kimapenzi. Lakini mtu akikuomba mkopo, akikutongoza ukiwa bado mgeni, au akikuamuru uache dawa ulizoandikiwa na daktari, mkatalie na utafute kikundi kingine.

Na ukiteleza ukanywa, nenda kwenye mkutano unaofuata, usingoje mpaka aibu ipungue. Mpigie mmoja wa wanakikundi kabla hujaondoka nyumbani, umwambie kilichotokea, umwombe akusubiri mlangoni.