SOMO: Namna ya kuziona seli za rangi kwenye gamba la samaki, na kuziona zikifanya kazi

Wakuu, kila mara naulizwa kitu kile kile: samaki wangu jana alikuwa mweusi leo kapauka, rangi imeenda wapi, imechujukia kwenye maji? Haijachujuka. Rangi ipo pale pale kwenye ngozi, imejikusanya tu katikati ya seli. Nimechoka kueleza kwa maneno matupu, kwa hiyo naweka somo zima hapa, lifuate ujionee mwenyewe.

Kwanza ujue unatafuta nini. Rangi ya samaki inakaa kwenye seli maalum ambazo nyingi ziko kwenye ngozi ya ndani, chini ya ute na ile ngozi laini ya juu. Melanofori ndo zina melanini, hizo ni nyeusi au kahawia. Zanthofori ni za njano na eritrofori ni nyekundu. Halafu kuna iridofori, ambazo hazina rangi kabisa, ndani zina vibamba vyembamba vya fuwele za guanini vinavyorudisha mwanga, na hapo ndo unapata ule mng'ao wa fedha au bluu. Hizi seli zimepangana tabaka juu ya tabaka, njano ikikaa juu ya bluu macho yako yanaona kijani.

Mahitaji: hadubini ya kawaida kama za shule, slaidi na vifuniko vyake, kibano, dropa, tochi, chumvi ya kawaida, na kama unaweza kupata, kloridi ya potasiamu ya maabara.

Hatua ya 1. Tafuta samaki mwenye magamba aliyetoka kuvuliwa na kuuawa kwa ajili ya kuliwa. Perege anafaa sana. Usimng'oe gamba samaki wako wa tangi akiwa hai, unamfungulia njia ya fangasi na bakteria.

Hatua ya 2. Yeyusha gramu 7 za chumvi kwenye lita 1 ya maji, mimina kidogo kwenye kisahani.

Hatua ya 3. Kung'oa gamba. Hapa ndo kazi nyingi zinaharibikia kwa hiyo soma taratibu. Gamba limechomekwa kwenye kifuko cha ngozi, sehemu yake ya mbele imefichwa chini ya magamba mengine na sehemu ya nyuma tu, ile inayoelekea mkiani, ndo iko nje. Hiyo sehemu ya nyuma imefunikwa na ngozi nyembamba sana na seli zote unazozitaka ziko humo. Ukiparua kwa kisu kama unayeandaa samaki wa kupika unaichana, ukilifuta gamba kwa kidole au tishu ili "liwe safi" umeifuta yote, utabaki na gamba tupu. Shika ncha ya nyuma kidogo tu kwa kibano, vuta taratibu kuelekea mkiani, likitoka litumbukize moja kwa moja kwenye maji yako ya chumvi. USILIOSHE kwa maji ya bomba, maji yasiyo na chumvi yanaingia ndani ya seli, zinavimba na kupasuka. Usiliache likauke. Na kama unataka kufika hatua ya 6, samaki aliyelala kwenye barafu siku nzima hatakusaidia maana seli na ncha za neva zake zimeshakufa.

Hatua ya 4. Laza gamba kwenye slaidi, upande wa nje ukiangalia juu, tone la maji ya chumvi, kifuniko.

Hatua ya 5. Anza na lenzi ndogo, ukuzaji wa mara 40 mpaka 100 unatosha kabisa. Sehemu ya mbele utaona ni angavu ina mistari ya duara tu, ipite, nenda nyuma. Utakuta madoa meusi, mengine ni vidoti vya mviringo, mengine yamesambaa matawi pande zote kama mizizi, na kati ya madoa hayo ukungu wa njano. Sasa zima taa ya chini umulike tochi kutoka juu kwa pembeni. Palepale palipokuwa panaonekana kijivu pasipo na kitu pataanza kumeta bluu na fedha. Hizo ndo iridofori.

Hatua ya 6. Tengeneza maji ya kloridi ya potasiamu, gramu 9 kwa lita 1. Chagua melanofori MOJA iliyosambaa, weka tone ukingo mmoja wa kifuniko na tishu ukingo wa pili ili ivute maji yapite chini. Usitoe jicho. Ndani ya dakika chache weusi unaanza kurudi kutoka kwenye ncha za matawi kwenda katikati mpaka inabaki nukta. Potasiamu inaziamsha ncha za neva zilizobaki kwenye gamba, zinamwaga noradrenalini (kemikali ya neva), na hiyo ndo inayoiambia seli ikusanye rangi. Pitisha tena maji ya chumvi ya kawaida, weusi utaanza kusambaa upya. Samaki wako aliyepauka kwa woga amefanya hicho hicho, ngozi nzima kwa mpigo.

MASWALI YA WADAU

Swali: Mkuu nimejaribu kwa kambare mbona sipati gamba?
Jibu: Kambare hana magamba. Hatua ya 1 imesema samaki mwenye magamba.

Swali: Nimefuata kila kitu naona mistari ya duara tu.
Jibu: Uko sehemu ya mbele. Sogeza slaidi.
Swali: Nimesogeza kote. Labda hadubini yako ni bora kuliko yangu.
Jibu: Hadubini haihusiki. Uliliosha?
Swali: Nilisuuza kidogo tu bombani, lilikuwa na utelezi.
Jibu: Huo utelezi ndo ngozi yenyewe. Hatua ya 3 nimeandika kwa herufi kubwa. Chukua gamba jingine.

Swali: Kuna sehemu nimesoma seli yenyewe ndo inasinyaa, sio rangi kusogea. Una uhakika?
Jibu: Ninao. Ukuzaji mkubwa utakuonyesha vichembe vyeusi vikisafiri na matawi yakibaki mahali pake, matupu. Fanya hatua ya 6 kwanza ndo tubishane.

Swali: Sasa hivyo vichembe vinasukumwa na nini? Nimeangalia karibu nusu saa nimeshindwa kuacha.
Jibu: Swali zuri sana hili. Ndani ya seli kuna vijirija vya protini vilivyotawanyika kutoka katikati, na vichembe vya melanini vinabebwa juu yake na protini za mwendo: kinesini inavipeleka nje, daineini inavirudisha katikati. Amri inatoka kwenye neva na homoni. Karl von Frisch, yule mtafiti wa lugha ya nyuki aliyepata Nobel 1973, mwanzoni mwa karne iliyopita alikuwa anafuatilia neva zinazotoka kwenye ubongo wa samaki kwenda kwenye ngozi. Ukizikata, eneo lililopoteza neva linakuwa jeusi.

Swali: Na sisi mbona hatubadiliki hivyo?
Jibu: Kwa sababu melanositi zetu, yaani seli zinazotengeneza melanini kwenye ngozi yetu, zinagawa melanini kwa seli za jirani, ikishagawiwa hairudi. Samaki anaiweka ndani ya seli ile ile. Lakini ukoo ni mmoja, mwaka 2005 jeni ya slc24a5 iligunduliwa kwa zebrafishi (samaki wadogo wenye milia) waliopauka milia, ikaonekana inachangia pia tofauti ya rangi ya ngozi kwa binadamu.

Swali: Samaki niliowahifadhi kwenye spiriti wamepoteza wekundu ila weusi upo.
Jibu: Wekundu huo ni wa karotenoidi, rangi za njano na nyekundu, nazo zinayeyuka kwenye alkoholi, melanini haiyeyuki. Piga picha kabla ya kuhifadhi.

Swali: Samaki wangu wa dhahabu anafifia, nimpe dawa gani?
Jibu: Hujasema anakula nini wala anakaa kwenye mwanga gani. Karotenoidi samaki hatengenezi mwenyewe, anazipata kwenye chakula, na akikaa gizani muda mrefu anapauka. Angalia hayo kabla ya dawa.
Mdau mwingine: Chakula chenye spirulina (mwani mdogo sana) au uduvi kilisaidia wa kwangu, ila ilichukua wiki kadhaa.
Jibu: Sawa kabisa, haya ni mabadiliko ya polepole, sio yale ya dakika.

Swali: Bluu zote ni iridofori?
Jibu: Karibu zote. Samaki mandarini wa baharini ana seli zenye rangi ya bluu yenyewe ndani, na ni wachache sana wa namna hiyo. Ukiwa na neon tetra, yule samaki mdogo wa tangi mwenye mstari wa bluu unaometa, mtazame usiku taa zikiwa zimezimwa, ule mstari unafifia, kisha washa taa umfuatilie unavyorudi.

Swali: Napigaje picha kwa simu? Inatoka duara jeusi.
Jibu: Simu iko mbali au imepinda. Isogeze taratibu mpaka duara lijae, halafu bana kwa stendi, mkono unatikisika.