Kabla Hujavaa Skii za Kisigino Huru: Kwa Mtu wa Malindi

Malindi Waitaliano ni majirani zetu, na mkishazoeana mwaliko hauko mbali: njoo kwetu Januari, uione theluji. Ukiangukia kwa mwenyeji anayeteleza kwa skii, vile vibao virefu vya kutelezea thelujini, kwa mtindo wa telemaki, hatakuacha hivihivi. Mtindo wenyewe una jina la eneo la Telemark, Norwei, alikozaliwa Sondre Norheim mwaka 1825, mtu aliyeupa umaarufu. Kiatu hushikwa na skii upande wa vidole tu, kisigino kinainuka. Ukikata kona, skii ya nje inatangulia, ya ndani inabaki nyuma, na magoti yote mawili yanakunjwa.

Watakaokucheka nyumbani wakumbushe Philip Boit, Mkenya aliyeshindana Olimpiki ya majira ya baridi ya Nagano, Japani, mwaka 1998. Yeye alikuwa wa mbio za masafa, si za kushuka mlima, lakini kisigino chake nacho kilikuwa huru. Alimaliza wa mwisho, na bingwa Bjørn Dæhlie akamngoja pale kwenye utepe amkumbatie.

Makaratasi kwanza. Maombi ya viza ya Schengen, ndiyo ya kuingilia Italia, hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na mwisho siku 15 kabla, pamoja na bima ya matibabu isiyopungua yuro 30,000. Isome bima hiyo, maana nyingine hazigusi michezo ya theluji. Italia nayo, tangu 1 Januari 2022, humtaka kila anayeteleza kwenye njia za skii awe na bima ya madhara atakayowasababishia wengine.

Kazi kubwa ni miguu. Mimi nilianza mazoezi wiki mbili kabla ya safari, nikajiona fundi. Siku ya pili mlimani nikawa nashuka ngazi za hoteli kinyumenyume, nimeshika ukuta. Jipe miezi miwili au mitatu. Nenda matuta ya mchanga ya Mambrui jioni jua likipoa, ushuke kwa hatua ndefu: mguu mmoja mbele, goti la nyuma likikaribia mchanga bila kuugusa, kisha ubadilishe. Walio Lamu wana matuta ya Shela, ila yale ndiyo yanayohifadhi maji ya mji, basi msiharibu mimea yake.

Kosa linalowashika wengi ni kuuegemea mguu wa mbele na kuuburuta wa nyuma kama mkia. Uzito ugawane karibu sawa kwa sawa. Ukitaka kujua mguu wa nyuma ukae vipi, fikiria mguu wa kulia wakati wa tahiyatu: vidole vimekunjwa vikikandamiza chini, kisigino kimesimama. Hapo hasa, chini ya vidole, ndipo unapoikamata skii ya nyuma. Niliambiwa hivyo kwa Kiitaliano siku nzima nisielewe. Nilipoikumbuka swala, nikaelewa.

Vifaa usinunue, kodisha. Lakini maduka mengi yana skii za kisigino kilichofungwa tu, kwa hiyo mtumie mwenyeji saizi ya kiatu chako mapema aulizie. Kiatu na kifungio kinachokishika kwenye skii lazima viwe vya aina moja: kuna ule mfumo wa zamani wa milimita 75, na kuna NTN uliotoka mwaka 2007, na haviingiliani. Uliza pia kama kifungio kinaachia ukianguka, maana vingi haviachii. Vaa helmeti na kinga za magoti.

Je, uanze na skii za kawaida? Wapo wanaosema lazima. Mimi naona siku mbili zinatosha, ujue kusimama na kuinuka ukianguka, halafu uhamie kisigino huru na mwalimu, kwenye njia za buluu, zile rahisi. Nyekundu, zilizo ngumu zaidi, ziache.

Nguo za pamba, kikoi kikiwemo, zibaki Malindi. Pamba ikilowa jasho inakugandisha. Ndani vaa sufu. Jua tunadhani ni letu, kumbe theluji hulirudisha usoni: miwani na mafuta ya kujikinga ni lazima hata kwa ngozi nyeusi. Na kwa kuwa tunatoka usawa wa bahari, siku ya kwanza ukiwa mita 2,000 juu tembea tu, unywe maji.

Glovu beba jozi mbili. Ya kwanza italowa kabla ya saa sita mchana, kwa jinsi utakavyokuwa ukijiinua kwa mikono.