Muvi inashtukashtuka kwenye kompyuta? Ilainishe hivi

Muvi nyingi zina picha 24 kwa sekunde na skrini nyingi zinachora mara 60, sasa 60 haigawanyiki sawasawa kwa 24 ndo maana picha moja inakaa mara mbili inayofuata mara tatu, na kamera ikigeuka polepole unaona kabisa miti inarukaruka. Kwanza ingia setingi za skrini, kwenye kasi ya kuchora (Hz) kama kuna 24, 48 au 120 chagua hiyo, mara nyingi shida inaishia hapohapo. Bado? Weka mpv, programu ya kuchezea video, fungua faili lake la setingi mpv.conf andika video-sync=display-resample, mstari wa pili interpolation=yes, sevu. Hiyo inachanganya tu picha jirani. Ukitaka ulaini wenyewe tumia SVP, programu ya kulainisha video, inakadiria kitu kinaelekea wapi halafu inatengeneza picha mpya za katikati mpaka zifike 60, ila inakula prosesa kwelikweli so iruhusu itumie kadi ya grafiki. Angalia pembeni ya kichwa cha mtu anayetembea, ukiona kama ukungu unatetemeka punguza nguvu ya kulainisha kwenye SVP. Mi muvi za kuigiza naziacha na 24 zake, nalainisha video za familia tu, hapo raha sana.