Kuifanya DNA ionekane: rangi za floresenti kwenye jeli na kwenye oligo

DNA iliyoyeyushwa haina rangi. Ukiinua dirishani mrija wenye mikrogramu kumi za DNA na mwingine wenye bafa tupu (maji yenye chumvi za kutuliza pH), huwezi kujua upi ni upi. Rangi ya floresenti hupokea mwanga wa wimbi fulani na kuurudisha ukiwa na wimbi refu zaidi. Kichujio hukata mwanga ulioingia, na kinachobaki machoni au kwenye kamera ni mwanga wa rangi yenyewe.

Kabla ya kushika pipeti, jiulize rangi yako inaishikaje DNA. Ziko zinazokaa tu: zinaingia katikati ya jozi za besi au zinajibanza kwenye mfereji wa nje, na zinaweza kutoka. Hizi ni kama ethidiamu bromaidi, SYBR Safe, GelRed, PicoGreen na DAPI. Ziko nyingine zinazofungwa kwa kemia kwenye oligo, yaani kipande kifupi cha DNA kilichotengenezwa kwa kuagizwa, na hazitoki tena, kama Cy3, Cy5 na FAM. Makosa mengi ya maabara huanzia kwenye kuzichanganya tabia za makundi haya mawili.

Kwenye jeli ya agarosi

Ethidiamu bromaidi ndiyo kongwe. Mwaka 1973 Sharp, Sugden na Sambrook wa Cold Spring Harbor, Marekani, walichapisha njia ya kuitumia ndani ya jeli ya agarosi, na vipimo vyake havijabadilika sana tangu hapo. Ikiingia ndani ya DNA ya nyuzi mbili, mng'ao wake huongezeka mara 20 hivi ukilinganisha na ikiwa peke yake kwenye maji. Ndiyo maana bendi, yaani mistari ya vipande vya DNA ambavyo umeme umevitenganisha kwa ukubwa ndani ya jeli, huonekana ingawa jeli nzima imejaa rangi.

Kwa jeli ya mililita 100 ya asilimia 1:

1. Pima gramu 1 ya agarosi, weka kwenye chupa ya mililita 250 au zaidi, mimina mililita 100 za bafa ya TAE 1X (1X ni ukali wa kutumia; 10,000X ni mara elfu kumi zaidi). Chupa ikiwa ndogo itafurika ndani ya maikrowevu.
2. Chemsha kwa vipindi vifupi, ukizungusha chupa kila mara, mpaka usione punje hata moja. Punje ambazo hazijayeyuka huonekana kama vioo vidogo vinavyoelea ukitazama kwa kuelekeza kwenye taa. Zikibaki, bendi zitapinda.
3. Acha ipoe hadi nyuzi 60 hivi, yaani unaweza kuishika chupa kwa muda mfupi bila kuungua. Sasa ndipo unaweka rangi: mikrolita 5 za ethidiamu bromaidi ya miligramu 10 kwa mililita, ili upate mikrogramu 0.5 kwa mililita. Kama ni SYBR Safe au GelRed ya 10,000X, weka mikrolita 10. Usiweke rangi kabla ya kuchemsha, maana mvuke utaibeba hadi usoni kwako.
4. Zungusha taratibu bila kutengeneza mapovu, mimina kwenye sinia lenye kichana, subiri dakika 30.
5. Funika jeli kwa TAE ileile 1X, si maji. Bila chumvi ya bafa umeme haupiti vizuri na DNA haiendi popote.
6. Weka mikrolita 5 za zao la PCR (DNA iliyonakiliwa kwa wingi) pamoja na rangi ya kupakia (kimiminika kizito chenye rangi kinachozamisha sampuli kisimani), na kwenye kisima cha pembeni weka ladda, yaani mchanganyiko wa vipande vya ukubwa unaojulikana. Endesha kwa volti 5 kwa kila sentimita iliyopo kati ya elektrodi mbili.

Kuhusu SYBR Safe: imeyeyushwa kwenye kiyeyushi kiitwacho DMSO, nacho huganda ikifika nyuzi 18 hivi. Ukiitoa kwenye friji ikiwa imeganda nusu na kuchota sehemu iliyoyeyuka, kipimo chako ni cha kubahatisha. Jeli ya leo itang'aa, ya kesho itafifia, na utailaumu PCR. Iache iyeyuke yote, ichanganye, izungushe kidogo kwenye sentrifuji, ndipo uchote. Dar es Salaam au Mombasa ukiiacha mezani mahali penye giza huyeyuka bila shida. Kwenye chumba chenye kiyoyozi kikali yaweza kubaki imeganda asubuhi nzima.

Mwanga wa kutazamia

Ethidiamu bromaidi na GelRed zinataka mwanga wa urujuanimno wa nanomita 302 hivi, nazo hutoa rangi ya chungwa karibu na nanomita 600. SYBR Safe inapokea vizuri mwanga wa buluu karibu na nanomita 500 na kutoa kijani karibu na 530, kwa hiyo meza ya mwanga wa buluu na kichujio cha rangi ya kaharabu vinatosha.

Tofauti hii ni kubwa kuliko urembo. Urujuanimno huunganisha thaimini mbili zilizopakana kwenye uzi mmoja. DNA iliyoharibika hivyo ukiikata kwenye jeli na kuipeleka kwenye kuunganisha na plasmidi (duara dogo la DNA linaloingizwa kwenye bakteria), utapata makoloni machache au yenye mabadiliko. Kama unakata bendi, tumia mwanga wa buluu. Kama huna, tia alama ya mahali pa kukata kwa sekunde chache, zima taa, kisha kata. Na uvae kinga ya uso mzima: miwani pekee huacha shingo na viganja vikiungua, na maumivu huja saa kadhaa baadaye.

Jeli ikikuonyesha jambo la ajabu

Nusu ya chini ya jeli ni giza na vipande vidogo havionekani: hiyo ni ethidiamu. Ina chaji chanya, kwa hiyo huku DNA inashuka kwenda elektrodi chanya, rangi isiyoshikwa inapanda kwenda upande wa pili. Ukiendesha muda mrefu, vipande vifupi vinabaki kwenye jeli isiyo na rangi. Itie jeli rangi baada ya kuendesha: mikrogramu 0.5 kwa mililita kwenye maji kwa dakika 30, kisha maji matupu kwa dakika 20.

Bendi zimevimba na kuacha mkia, hasa ukitumia GelRed: molekuli yake ni kubwa, inashika kwa nguvu, na ikikutana na DNA nyingi inaichelewesha. Punguza mzigo hadi nanogramu 50 mpaka 200 kwa kisima. Ikikataa, endesha jeli bila rangi kisha ilaze kwenye GelRed ya 3X: mikrolita 15 za 10,000X kwenye mililita 50 za maji yenye NaCl ya molari 0.1, dakika 30. Kwa maoni yetu hii ndiyo njia bora ya kutumia GelRed wakati wote unapotaka kusoma ukubwa kwa usahihi, kwa sababu DNA imeshasafiri kabla haijakutana na rangi.

Kuna kivuli cheusi mahali bendi ilipopaswa kuwa: rangi ya kupakia imemeza mwanga. Kwenye jeli ya asilimia 1, bluu ya bromofenoli husafiri pamoja na vipande vya besi 300 hadi 500. Ukitafuta zao la besi 400, tumia Orange G, ambayo hutangulia mbele kabisa.

Praima (vipande vifupi vya kuanzishia PCR) na DNA ya uzi mmoja huonekana hafifu hata zikiwa nyingi, kwani jozi za besi za kuingilia katikati hazipo. Usikadirie kiasi chake kwa kulinganisha na ladda ya nyuzi mbili.

Kupima kiasi

Spektrofotomita ya nanomita 260 huhesabu kila kitu chenye besi: DNA, RNA, praima, nyukleotidi zilizobaki. Rangi za aina ya PicoGreen hung'aa hasa zikishika nyuzi mbili, kwa hiyo floromita (kipima mng'ao) hukupa namba unayoihitaji kabla ya kusoma mfuatano. Changanya rangi na bafa yake kwa uwiano wa 1 kwa 200, ongeza sampuli ya mikrolita 1 hadi 20 ili jumla iwe mikrolita 200, subiri dakika 2. Usikumbatie mrija kiganjani unaposubiri. Mng'ao hushuka joto likipanda, na mrija uliopashwa na mkono husoma chini ya ukweli. Mapovu nayo hupotosha.

Kufunga rangi kwenye oligo

Hapa ndipo uangalifu unapolipa. Unahitaji oligo iliyoagizwa ikiwa na kundi la amino (naitrojeni yenye hidrojeni) mwishoni, na rangi yenye esta ya NHS, yaani kishikio cha kemikali. Esta hiyo hushambuliwa na amino na kifungo cha kudumu huzaliwa. Tatizo ni kwamba haichagui. Itashika amino yoyote itakayoikuta, na Trisi ni amino. Oligo iliyoyeyushwa kwenye TE, bafa ambayo kila mtu huitumia bila kufikiri, ina Trisi nyingi kuliko oligo yenyewe. Rangi yote itaishia huko, na mwisho wa siku utapata maji mazuri ya waridi na oligo isiyo na rangi. Chumvi za amonia zilizobaki kiwandani nazo hufanya vivyo hivyo.

Kwa hiyo anza kwa kusafisha. Yeyusha oligo kwenye maji, ioshe mara tatu kwa kloroformu, kisha iangushe kwa ethanoli, yaani ifanye DNA itoke kwenye maji na kutua chini. Irudishe kwenye maji kwa mikrogramu 25 kwa mikrolita.

Rangi ikitoka kwenye friji ya kugandisha, iache ifike joto la chumba kabla ya kufungua kifuniko. Ukiifungua ikiwa baridi, unyevu wa hewa utatua ndani yake, na esta ya NHS huuawa na maji. Mwambao wa pwani yetu, ambako chupa baridi hulowa jasho dakika ileile, kosa hili peke yake linatosha kuharibu kazi. Yeyusha mikrogramu 250 za rangi kwenye mikrolita 14 za DMSO kavu, papo hapo, na uitumie yote.

Kisha ongeza kwa mpangilio huu: maji mikrolita 7, bafa ya sodiamu tetraborati ya molari 0.1 yenye pH 8.5 mikrolita 75, na oligo mikrolita 4. Jumla ni mikrolita 100, zenye mikrogramu 100 za oligo. Kwa oligo ya besi 20 hiyo ni nanomoli 16 hivi, na rangi imeizidi takribani mara 20. Wingi huo si ufujaji: sehemu kubwa ya rangi itavunjwa na maji kabla haijafika. pH ina sababu pia. Ikiwa chini ya 8, amino nyingi hubeba protoni na haziwezi kushambulia. Ikizidi sana 8.5, maji huivunja esta haraka mno. Pima pH ya bafa siku unayoitumia.

Funika kwa foili, tikisa taratibu kwenye joto la chumba kwa saa 6 au usiku kucha. Halafu ongeza mikrolita 10 za NaCl ya molari 3 na mikrolita 250 za ethanoli safi iliyo baridi, weka kwenye nyuzi -20 kwa dakika 30, zungusha kwa 12,000 × g dakika 30. Tone la DNA litakaa chini likiwa na rangi kali. Juu kutakuwa na maji yenye rangi pia. Yamwage bila huruma, hiyo ni rangi iliyokosa mahali. Suuza kwa ethanoli baridi ya asilimia 70 mara moja au mbili, kausha bila kupitiliza.

Sasa hesabu. Tuseme umetumia Cy3, na spektrofotomita imekupa 0.30 kwenye nanomita 550 na 0.50 kwenye 260. Uwezo wa Cy3 kunyonya mwanga ni 150,000, kwa hiyo rangi ni 0.30 ÷ 150,000, sawa na mikromolari 2.0. Cy3 yenyewe hunyonya kidogo kwenye 260, kiasi cha 0.08 ya kilele chake, hivyo toa: 0.50 − (0.30 × 0.08) = 0.476. Kama uwezo wa oligo yako kunyonya mwanga kwenye 260 ni 200,000, hiyo ni mikromolari 2.38. Gawanya 2.0 kwa 2.38: asilimia 84 ya oligo imeshika rangi. Ukipata zaidi ya 100, bado una rangi huru. Rudia kuiangusha kwa ethanoli.

Uthibitisho wa mwisho ni jeli ya akrilamaidi ya asilimia 15 hadi 20 yenye yurea ya molari 7. Usiitie rangi nyingine yoyote. Oligo iliyofungwa rangi husafiri polepole kuliko isiyofungwa, na rangi huru hutengana nayo. Bluu ya bromofenoli iweke kwenye kisima cha peke yake, maana yenyewe hung'aa kwenye mkondo wa Cy5 na inaweza kukudanganya.

Gawa oligo kwenye mirija midogo, ihifadhi gizani kwenye nyuzi -20. Sasa Trisi haina madhara tena, na kwa FAM ni muhimu: mng'ao wake hufa kwenye asidi, na maji yaliyosafishwa yakikaa wazi hunyonya kaboni dioksaidi na kushuka hadi pH 5.5 hivi. Iyeyushe kwenye TE ya pH 8. Cy5 nayo iepushe na ozoni. Slaidi zake zisikae wazi karibu na mashine za kudurufu.

Mabaki

Ethidiamu bromaidi hubadilisha vinasaba vya bakteria kwenye kipimo cha Ames, kwa hiyo glovu ni za nitraili na meza yake iwe ya kwake. Usiimimine kwenye sinki, wala usiitibu kwa dawa ya kufulia yenye klorini. Kwa kila mililita 100 za maji machafu weka miligramu 100 za mkaa amilifu wa unga, acha saa moja ukitikisa mara kwa mara, chuja kwa karatasi. Mkaa na karatasi viende kwenye taka za kuchomwa.