Fuma vipande viwili vya mbele kwa pamoja

Kusi imeanza Lamu na naona wengi wanajaribu sweta ya vifungo ya mtu mzima. Vipande vya mbele viweke vyote kwenye sindano moja, kila kimoja na bonge lake la uzi. Maliza mstari wa kipande cha kwanza, fuma ule wa kipande cha pili, ndipo ugeuze. Vitalingana urefu bila kuhesabu mistari, na mkono ukikaza, vyote vinakaza sawa. Ila usipumzike katikati: ukigeuzia hapo, kimoja kitazidi mistari miwili. Shingoni, punguza vitanzi kwenye kingo zinazotazamana. Sindano fupi haifai, vitanzi vitamwagika. Tafuta zile zilizounganishwa kwa waya. Na paka afungiwe nje, mabonge mawili ni sikukuu kwake.