Namna ya kupima sababu zako za kumwamini Muumba au kusita

Kabla hujasema unaamini au huamini kuwa yupo Muumba, tenganisha maswali mawili ambayo aghalabu huchanganywa: unajua nini, na unaamini nini. Thomas Henry Huxley, mwanabiolojia Mwingereza aliyeanzisha jina la uagnostiki mwaka 1869, hakudai kwamba Mungu hayupo. Alishikilia kuwa mtu asijidai kuwa na uhakika wa jambo asiloweza kulithibitisha. Kwa hiyo mtu aweza kukiri kuwa hajui na bado akaamini, na mwenzake akakiri vivyo hivyo na asiamini.

Kisha andika sababu yako kuu na uijaribu. Tuseme umeandika kwamba ulimwengu lazima una chanzo tusichokiona. Nenda Mbozi, mkoani Songwe, Tanzania, ukakitazame kimondo, lile bonge la chuma la takriban tani 16 lililojaa vishimo usoni. Hakuna kumbukumbu ya mtu aliyekiona kikianguka, na bado tunajua kimetoka angani, kwa sababu chuma chake chenye nikeli kinafanana na cha vimondo vingine vilivyochunguzwa. Kukubali chanzo kisichoonekana, basi, si ujinga hata kidogo. Lakini hapo hapo ndipo pingamizi la mwanafalsafa Mskoti David Hume linapouma: vimondo ni vingi, ulimwengu tunaoujua ni mmoja, nasi hatuna mwingine wa kuulinganisha nao. Al-Ghazali, mwanazuoni wa Kiislamu aliyefariki mwaka 1111, alipita njia isiyohitaji ulinganisho huo, akasema kila kilichoanza kuwapo kina sababu, na ulimwengu ulianza. Ukiikubali hoja hiyo, jiulize zaidi kama sababu hiyo ndiyo inayosikia sala, maana hilo ni dai jingine linalotaka hoja yake.

Mwenye kusita naye asijihurumie. Ikiwa unasita kwa sababu watoto wasio na hatia huumwa na kufa, hoja yako ni nzito sana, ila inampinga Muumba mwenye uweza wote na wema wote; haimgusi kila muumba awezaye kufikirika. Na ikiwa kilichokusukuma ni hasira dhidi ya kiongozi fulani wa dini, hiyo haijawa hoja bado.

Linabaki suala la nyumbani, la kumweleza mzazi kuwa unasita, ambalo kwa familia za Rungwe, walikofika wamisionari wa Kanisa la Moravian mwaka 1891, si dogo. Ibara ya 19 ya Katiba ya Tanzania, ya uhuru wa dini, inakulinda, lakini mzazi hajibiwi kwa ibara. Ukiombwa kuongoza sala ya chakula, mwombe mwingine aongoze, nawe uinamishe kichwa kwa heshima, kisha baadaye, mkiwa wawili na baba yako, mwambie waziwazi: "Baba, sijamkataa Mungu, ila bado sina hakika, na sitaki kusali kwa midomo tu." Mazungumzo hayo usiyaanzishe msibani, kwa kuwa wafiwa hawakukusanyika kusikiliza hoja.